Siku Basi Langu Lilipovimba

Nitayaandika haya mara moja tu, nifunge daftari, na mtu asiniulize tena, kwa sababu hii ni wiki ya pili sasa siwezi kupita karibu na jiko la shule bila kuitwa Isyo. Hata mpishi wetu, mtu mzima mwenye wajukuu, jana alisimamisha mwiko hewani akaniuliza, "Mumbua, nikupakulie ya kula ama ya kujengea?" na mstari mzima nyuma yangu ukaangua kicheko. (Isyo ni mahindi na maharagwe yaliyochemshwa pamoja, na huku Kathiani tunaila karibu kila siku, kwa hivyo piga hesabu mwenyewe naaibika mara ngapi kwa wiki.) Aibu yenyewe nimeshaikubali. Kinachoniudhi, kinachonifanya nitamani kujizaba kofi nikiwa nimekaa hapa peke yangu, ni kwamba ingezuiwa kwa dakika kumi. Dakika kumi tu! Na nilikuwa nazo.

Nianzie kwa gunia. Mama anauza nguo za mitumba Machakos mjini, na nilipokuwa darasa la sita alifungua bandali ya nguo za watoto akakuta ndani mfuko wa matofali ya plastiki, yale madogo yenye vinundu juu ambayo ukibana moja juu ya jingine yanashikana. Hakuna mteja aliyeyataka kwa sababu yalikuwa mchanganyiko mtupu: vipande vya nyumba, vya meli, vya jumba la binti mfalme, magurudumu ya ukubwa tofauti, na hakuna karatasi ya kukuonyesha nini kinaenda wapi. Nikayachukua. Tangu siku hiyo kila akipata mengine ananiletea, na sasa yamejaa gunia zima, na mimi nimeshajenga karibu kila kitu chenye magurudumu kinachopita barabara yetu, lori la mchanga linalomwaga kwa nyuma, pikapu ya maembe, trekta, hata bodaboda (hiyo ilinishinda, haisimami). Najenga, natazama gari lenyewe likipita, naona nimekosea mahali, nabomoa, najenga tena. Mimi si mtu wa kuongea. Mwalimu akiuliza swali ambalo jibu lake nalijua, natazama dawati mpaka aulize mwingine. Lakini nikiwa na vipande mkononi sina wasiwasi, najua ninachosema.

Mama hajawahi kupenda. "Mumbua, wewe ni msichana mkubwa, uko kidato cha tatu, wenzako wanashika vitabu, wewe umeshika vitu vya watoto." Na ripoti ya muhula uliopita haikunisaidia.

Basi (hili ni basi la kuanza sentensi, lile lingine linakuja), siku moja wakati wa kujisomea mwalimu mkuu wetu, ambaye sote tunamwita Madam, alinishika nikijenga kigari chini ya dawati, akakichukua, akaniita ofisini. Nilienda nikijua natumwa nyumbani. Nikamkuta amekiweka juu ya meza yake anakisukuma mbele na nyuma kwa kidole kimoja.

"Hii umetengeneza wewe?"

"Ndiyo, Madam."

"Umeangalia wapi?"

"Sijaangalia, Madam."

Akanionyesha picha kwa simu yake, basi jipya la shule, manjano kama mabasi yote ya shule, lile ambalo wazazi wamelingoja tangu nikiwa kidato cha kwanza. Litafika Ijumaa, akasema. Kutakuwa na sherehe, mgeni wa heshima, wazazi wote, na angependa mfano wa basi uwe umekaa kwenye meza ya wageni, umefunikwa kitambaa, mgeni aufunue watu wapige makofi, halafu wakiwa bado wanapiga makofi basi lenyewe liingie kwa geti. "Unaweza ama huwezi?"

Nikatikisa kichwa kwamba naweza. (Ndivyo nilivyo, nikishindwa kuongea natikisa kichwa, na ndivyo nimeingia kwenye shida zangu zote.)

Nilipomwambia Mama, aliweka chini shati alilokuwa anakunja. "Sawa. Mimi na nyanyako tutakuja tuone. Ikienda vizuri, ile meza ya dirishani ni yako, weka matofali yako hapo na sitasema kitu tena. Lakini nikiaibika mbele ya wazazi wenzangu, Jumapili gunia hilo linaenda kanisani kwa watoto wa Sande skul. Lote. Tumeelewana?"

Tulielewana. Meza ya dirishani! Ndiyo meza pekee ya nyumba yetu isiyoyumba.

Nililijenga basi hilo mara saba. La kwanza lilikuwa fupi. La pili lilipinda katikati kama kitanda cha kamba, kwa hivyo la tatu nikalipangia matofali jinsi fundi anavyopanga ukuta, kila kiungo kikifunikwa na tofali la juu yake, likawa gumu ungeweza kulikalia. Manjano hayakutosha, kwa hivyo manjano yote niliyaweka nje, na ndani, ambako hakuna mtu angeona, nikatumia kilichokuwepo, hasa kuta za pinki za jumba la binti mfalme. Mlango ulikunjika kwa bawaba mbili. La sita ndilo nililoliwekea usukani: ukizungusha gurudumu la akiba juu ya paa, magurudumu ya mbele yanakata kona, kushoto, kulia. Dereva nilikuwa naye mmoja tu anayeenea kwenye kiti, kisanamu cha haramia wa baharini mwenye kitambaa kwenye jicho moja, nikasema hewala, ataangalia barabara kwa lile lingine. Jina la shule niliandika ubavuni kwa rangi ya kucha ya Ndunge. (Ndunge ndiye rafiki yangu, tunakaa dawati moja, yeye huongea kwa niaba yetu wawili.)

Jumatano tukafanya mazoezi uwanjani, na upepo ukavuma. Mnajua upepo wa huku mlimani kabla ya mvua, unabeba vumbi jekundu na kila kitu kisichofungwa. Basi langu halikuanguka, hapana, lilifanya vibaya zaidi: liliondoka. Magurudumu nilikuwa nimeyalainisha vizuri mno. Likatembea meza nzima taratibu kama lina safari, Kioko, mvulana wa darasa letu ambaye kazi yake duniani ni kusema mambo kwa sauti, akapaza, "Jameni, limeacha abiria!" na Madam akalidaka kwenye ukingo kabisa. "Mumbua," akasema, "tafuta njia likae."

Njia ni uzito, hilo hata mtoto anajua. Nilijaribu kokoto, zikawa zinalia ndani kama kayamba. Nikajaribu mchanga, ukavuja kwenye viungo ukamwagika kama lori letu la mchanga limerudi. Halafu nikakumbuka maharagwe. Ukiyajaza mpaka pomoni ukashindilia, hayalii, hayavuji, na ni mazito. Nilijivunia sana wazo hilo. Nilijipongeza kwa sauti, peke yangu, na mimi siongei.

Jikoni maharagwe yalikuwa makubwa, hayapiti kwenye nafasi. Madogo yalikuwa chumbani kwa Susu, chini ya kitanda, kwenye debe lenye majivu. Susu ndiye nyanya yangu, mama yake Mama, na yale maharagwe yalikuwa mbegu yake: madogo, mekundu, kila moja na mstari mweupe kama limekatwa kwa wembe. Alipewa na mama yake siku alipoolewa, na kila mwaka anapanda, anavuna, anachagua moja moja yaliyo mazuri na kuyarudisha kwenye debe na majivu yasiingiwe na wadudu. Hakuna mtu mwingine huku kwetu aliye nayo. Nilijua hayo yote. Lakini nilijiambia naazima tu, Ijumaa jioni yamerudi kwenye debe, msimu wa kupanda haujafika, nani ataona? Nikayabeba yote, nikayafungia kwenye sakafu ya basi kwa vipande bapa arobaini na viwili, na basi likakaa mezani kama jiwe. Nilipuliza. Nilipepea na daftari. Halikutikisika.

Sasa tufike kwenye dakika kumi.

Ijumaa, saa kumi na mbili asubuhi, nililitazama basi kwenye mwanga nikaona ni chafu. Vumbi la Jumatano lilikuwa limeingia katikati ya vinundu, na kila mahali alama za vidole vyangu. Kulifuta kwa kitambaa kulisambaza tu. Ilifaa nilioshe. Na nilisimama pale, naapa nilisimama, nikafikiria kwamba kabla ya kuliosha ningeondoa sakafu, nimwage maharagwe, nioshe, nirudishe. Vipande arobaini na viwili. Dakika kumi. Nikaona ni kazi bure, maana plastiki haiogopi maji. Hivyo ndivyo nilivyofikiri: plastiki haiogopi maji. Mimi, mtoto wa Kathiani, ambaye tangu nizaliwe kila jioni naloweka maharagwe ya kesho kwenye sufuria ile ile, niliangalia basi lililojaa maharagwe nikafikiria plastiki.

Nikalidumbukiza kwenye beseni la maji ya moto na sabuni. Nilitaka dakika tano. Mama akaniita nimpigie pasi nguo ya sherehe, kisha Susu akakosa leso yake mpya tukaitafuta nyumba nzima (alikuwa ameikalia), kisha chai, na niliporudi jua limeshapanda na maji ya beseni yamekuwa ya kijivu. Kijivu! Yalikuwa majivu ya debe la Susu, na mimi nikafurahi nikasema tazama, kumbe lilikuwa chafu hivi. Nikalipangusa, likang'aa, nikalifunga vizuri kwenye mfuko wa nailoni lisipate vumbi tena, maji yote yaliyokuwa ndani yakabaki humo humo, nikalibeba shuleni kwa mikono miwili. Niligundua limekuwa zito zaidi. Nilidhani ni uoga.

Saa tatu lilikuwa mezani chini ya kitambaa cheupe, na Madam akaweka maikrofoni kando yake, tayari. Mgeni wa heshima alitarajiwa saa nne. Saa nne hakuna mgeni. Saa tano kwaya ikaimba nyimbo zake zote, saa sita ikazirudia. Kama angefika saa nne, leo hii ningekuwa naandikia kwenye meza ya dirishani, lakini mgeni wa heshima akifika kwa wakati watu watajuaje ni wa heshima?

Saa saba hivi, kwaya ikiwa imenyamaza, spika zote uwanjani zikasema: *tak.*

Watu wakatazama spika. Fundi wa mitambo akagusa waya. Dakika chache baadaye: *tak. Tak.*

Ndunge akanigeukia polepole. "Mumbua. Hiyo ni basi yako."

"Siyo."

"Kitambaa kimesonga. Nimekiona. Uliweka nini huko ndani?"

Nikamwambia. Na nilipokuwa nalitamka neno hilo ndipo nililisikia: maharagwe, maji. Ndunge akafunika mdomo kwa mikono yote miwili, halafu akasema, "Enda. Enda sasa hivi ulitoe, mgeni bado."

Alisema kweli. Kutoka tulipokaa hadi meza ya wageni ni hatua thelathini hivi, za nyasi tupu, mbele ya shule nzima na hema mbili za wazazi. Ningekwenda, ningelibeba, ningesema naliweka sawa. Nilisimama nusu. Kioko akasema, "Mumbua anatuhutubia!" watu watano wakageuka, na mimi nikakaa. Watu watano tu, jamani. Nilikimbia macho ya watu watano nikapata ya watu mia nane. "Basi wacha niende mimi," Ndunge akasema, lakini hapo hapo gari jeusi likaingia kwa geti, Madam akaturukia na mikono kama mtu anayefukuza kuku, "Simameni, simameni!" na ikawa ndiyo basi.

Mgeni alikuwa bwana mnene, mpole, aliyesoma shule yetu zamani. Alisalimia, akaomba radhi kwa kuchelewa, akasema barabara. Wakati wote akiongea, spika zilikuwa zinamjibu, *tak*, naye akidhani ni mashine alikuwa anaipigapiga maikrofoni, nayo inasema *tak* tena. Kisha Madam akatangaza kwamba mwanafunzi wetu mmoja ametengeneza kwa mikono yake kitu cha kutuonjesha baraka inayokuja, na mgeni akashika kitambaa kwa vidole viwili, akavuta.

Basi langu lilikuwa limenona.

Sijui niseme vipi vingine. Mbavu zilikuwa zimetoka nje, paa limeinuka katikati, jina la shule limeachana likawa majina mawili. Mlango niliouhangaikia siku nzima ulikuwa umejifungua wenyewe, na pale kwenye ngazi haragwe moja kubwa, limevimba, ngozi imekunjamana, lilikuwa linachungulia nje kama abiria anayeuliza tumefika wapi.

Kioko, nani tena: "Basi iko na mimba!"

Shule ikalipuka. Mgeni alicheka pia, kicheko kizuri tu cha mtu asiye na ubaya. Akainama akatazama kiti cha mbele. "Na huyu wa jicho moja ndiye dereva? Leseni alipewa na nani?" Watu wakazidi. Na Madam, akitaka kuokoa mambo (namsamehe, alitaka kuniokoa), akasema, "Mheshimiwa, hebu zungusha hilo gurudumu la juu, utaona ya mbele yanakata kona."

Akazungusha. Likagoma, maana maharagwe yalikuwa yameshabana kila kitu. "Ni gumu kidogo," akasema. Akalishika kwa mkono wote, akalikaza.

Mnakumbuka nilivyojivunia kupanga kama fundi wa ukuta? Ndiyo maana halikufunguka kidogo kidogo kama kitu chenye adabu. Lilishikilia, likashikilia, halafu likaachia lote mara moja, kwa mlio ambao spika ziliukuza mpaka kuku wa jirani wakaruka. Paa lilipita juu ya kichwa cha Madam. Maharagwe yalimwagika kwenye meza, kwenye glasi ya soda ya mgeni, kwenye mapaja yake, moja likakwama kwenye tai yake kama pini. Na katikati ya meza zilibaki zimesimama, wima kabisa, kuta za pinki za jumba la binti mfalme.

"Mumbua wa kidato cha tatu," Madam akasema kwenye maikrofoni, taratibu mno. "Njoo hapa."

Hatua thelathini. Nilizihesabu.

"Tueleze. Uliweka nini ndani?"

Nilinong'ona, lakini maikrofoni ilikuwa chini ya kidevu changu, kwa hivyo neno lenyewe lilitoka kwa spika nne likaenda mpaka kilima cha pili likarudi: "Maharagwe."

Walicheka watu wakashikana. Na juu ya kicheko hicho chote, kutoka hema ya wazazi, bila maikrofoni (hajawahi kuihitaji), nikasikia sauti ninayoijua.

"Maharagwe gani?"

Susu alikuwa amesimama. Mama alikuwa anamvuta leso akae, na Susu alikuwa anavuta leso yake upande wa pili. Akajinasua. Akavuka ule uwanja kwa mwendo ambao nyumbani hutwambia magoti hayamruhusu, akafika mezani, akaokota haragwe moja, akalipangusa kwa kidole mpaka mstari mweupe ukaonekana.

"Aii! Mboso syakwa!" Maharagwe yangu! "Hizi ni zangu za kupanda! Nilichagua moja moja na hii mikono! Mumbua, hii ni mbegu ya mamangu!"

Hakuna aliyecheka tena, na hilo lilikuwa baya kuliko kicheko. Nilitaka kusema nisamehe, Susu. Nikatikisa kichwa.

Akatandaza leso juu ya meza ya wageni, akaanza kuokota. Halafu akasimama akatazama chini. "Mheshimiwa, inua mguu. Umekanyaga moja."

"Pole sana, mama."

"Wacha pole. Okota."

Na akaokota! Alipiga magoti, suti yake yote, akaingia chini ya meza. Madam akaona mgeni wa heshima yuko chini yeye atasimama aje, akainama naye, mwenyekiti wa wazazi akafuata, kasisi akainua kanzu yake akafuata, na mimi nilikuwa tayari huko chini kwa sababu huko ndiko nilikotaka kuwa tangu asubuhi. Na wakati wote tuko hivyo, migongo juu, tunahesabiana maharagwe, honi ikalia getini.

Basi la shule lilikuwa limefika. Jipya, manjano, limefungwa utepe na maputo, likazunguka uwanja mara moja likasimama mbele ya meza ya wageni ambapo hapakuwa na mtu. Viti vitupu. Dereva alishuka akavua kofia, akangoja, akatazama huku na huku. Mpiga picha wa sherehe alipiga picha hiyo: basi, dereva, viti, na chini ya kitambaa cha meza safu ya visigino vya watu wakubwa. Imebandikwa ubaoni nje ya ofisi. Kiatu cha tatu kutoka kushoto ni changu.

Tulirudi nyumbani. Susu alibeba leso yake kifuani kama mtoto, mimi nilibeba vipande ndani ya mfuko ule ule wa nailoni. Tulipoingia Mama alienda moja kwa moja kwenye gunia langu, akatia mfuko juu yake, akalifunga mdomo kwa kamba. "Jumapili," akasema.

"Hilo gunia halitoki," Susu akasema. Alikuwa amemwaga maharagwe kwenye ungo, anayatenganisha, mazima huku, yaliyopasuka kule. "Mama Mumbua, gunia hilo ni langu. Limekula mbegu yangu, linabaki hapa."

"Mama, mimi nilishasema."

"Na mimi nasema." Kisha akanigeukia, na hakuwa amekasirika tena, alikuwa na ule uso wake wa shambani. "Haya yameshakunywa maji. Hayarudi kwa debe, yataoza. Ni kupikwa ama kupandwa, na mimi sipiki mbegu ya mamangu. Mvua bado. Kwa hivyo utayapanda wewe, na utayanyeshea wewe. Haragwe moja likitoka, nakupa tofali moja. Lisipotoka, sikupi."

Kwa hivyo hivi ndivyo ninavyoishi sasa. Alfajiri natelemka mtoni na mtungi wa lita ishirini, napanda nao kilima, nanyeshea mistari mitano ya mchanga mtupu kwa kikombe, kikombe kimoja shimo moja, majirani wakipita wanauliza, "Mumbua, unapanda kiangazi?" kisha naenda shule kuitwa Isyo. Meza ya dirishani Mama ameiwekea sufuria. Siku sita hakikutoka kitu hata kimoja, na sitaandika nilivyojisikia. Siku ya saba yalitoka tisa, vichwa vimeinama, bado vimevaa ngozi, nikapiga kelele mpaka Susu akatoka na mswaki mdomoni.

Kufikia leo yametoka sitini na manne. Kuna mashimo mengi ambayo nadhani hayatatoa kitu, na kila asubuhi nayanyeshea vilevile. Ya kutosha kwa mbegu ya mwaka ujao yapo, Susu anasema, mvua ikija kwa wakati. Na nikiwahi kujenga tena, kama nitawahi, uzito utakuwa kokoto zilizofungwa kwa pamba, na sitaosha kitu kabla ya kukifungua, na nikisikia kitu kinalia *tak* nitasimama hata kama dunia nzima inanitazama. Nimeandika, nimetia sahihi chini.

Shida ni kwamba Susu hajui tofali gani linafaa nini. Anatia mkono kwenye gunia bila kutazama, anachotoa ndicho hicho. Ninazo kuta za pinki ishirini na mbili. Sina gurudumu hata moja. Asubuhi ya leo lilitoka haragwe moja tu, mwisho wa mstari wa nne, na amenipa kichwa cha dereva, jicho moja na kitambaa chake.

Nikamwuliza mwili je?

"Nyeshea," akasema.